Shahada Isiyopigwa Bambo

Bambo ni kipande cha chuma, kirefu kidogo kuliko kiganja, kimechongoka mbele na kina mfereji tumboni. Unakichoma kwenye gunia, unakizungusha, unakichomoa, na punje zinakuja zimelala kwenye ule mfereji. Unazimwaga mkononi. Unapuliza pumba, unatafuta mawe, unatafuna mbili tatu usikie kama zimekauka. Gunia likichomwa juu husema maneno matamu kila mara: mchele mzima, mweupe, wa Kamsamba mtupu. Kwa hiyo unachoma tena chini, karibu na mshono, pale ambapo mwenye mzigo anaanza kukohoa. Huko ndiko chenga zinakolala.

Nimeuza nafaka Tunduma miaka mingi, na sijapata kumwona mtu wa mji huu, awe wa Sogea, Kaloleni au Mpemba, akinunua gunia kwa kusoma maandishi ya kwenye mfuko. Tunagombania lumbesa mpaka vifungo vya shati vinakatika. Mbadilisha fedha wa hapa mpakani mwa Zambia huinua noti ya kwacha juani kabla hajaikunja. Dereva wa semi anayesubiri kuvuka kwenda Lubumbashi huzunguka gari lake akigonga tairi moja moja. Sisi ni watu wa kushuku, na kushuku kumetulisha.

Lakini aje mtu mwenye tai, kompyuta mpakato na bango lenye picha ya ghorofa la vioo, aseme anapeleka watoto kusoma famasi nje ya nchi. Watu wale wale, bambo likiwa bado mfukoni, watauza shamba, watauza Fuso, watakopa kikoba, na watalipa mpaka shilingi ya mwisho bila kuchoma gunia hata mara moja.

Nimekasirika, na sitajifanya kwamba nimetulia.

Mpwa wangu alimaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB. Kemia alipata C, Baiolojia D, Fizikia S. Kwa asiyejua, S si ufaulu kamili, ni alama ya kuthibitisha kwamba ulikuwepo kwenye chumba cha mtihani. Dada yangu na shemeji wakaalikwa ukumbini, kwenye hoteli moja, wakapewa soda na biskuti. Wakala akaishika karatasi ya matokeo kwa muda wa mtu anayesoma namba ya basi. "Huko hawaangalii Fizikia, mama." Dada alilia kwa furaha. Ndani ya miezi miwili shemeji alikuwa ameuza ekari tatu za kahawa kule Igamba, mibuni aliyoipanda baba yake kwa mkono wake, na kijana akapanda ndege.

Alisoma miaka minne. Na alisoma kweli, sitamwonea. Nimeyaona madaftari yake, yana michoro ya molekuli iliyochorwa kwa rula. Akarudi na shahada yenye muhuri wa dhahabu, tukachinja mbuzi, mchungaji akaombea ile karatasi. Wiki moja baadaye tukaanza kujifunza mambo ambayo tungepaswa kuyajua kabla ya mbuzi, kabla ya ndege, kabla ya Igamba.

Kanuni zenyewe hazijafichwa popote. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inataka anayekwenda kusoma fani ya afya nje awe na sifa za kuingilia ambazo angetakiwa kuwa nazo angesoma hapa nyumbani. Kwa famasi, maana yake ni ufaulu kamili wa Kemia, Baiolojia na ile Fizikia ambayo "hawaiangalii". Kabla hajaondoka anapaswa awe na hati ya kutokuwa na pingamizi, ambayo wengi wanaiita NOC. Akirudi, shahada yake inakwenda TCU ikatambuliwe. Ikitambuliwa, anakwenda Baraza la Famasi, kuna mitihani ya Baraza, kuna mwaka mzima wa utarajali hospitalini, kisha ndipo jina lake linaandikwa kwenye rejista. Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 haikuacha upenyo. Jina lako lisipokuwa kwenye rejista, wewe si mfamasia. Wewe ni mtu aliyewahi kusoma famasi, kama vile mimi nilivyowahi kucheza mpira.

Mpwa wangu hakuwa na hati ile. Wakala alimwambia ni urasimu wa Dar es Salaam tu, utakwisha wenyewe.

Nilimtembelea Alhamisi moja jioni, kwenye duka la dawa la mtu, ambalo sitalitaja wala mahali lilipo. Amesimama nyuma ya kaunta, amevaa koti jeupe. Akaingia dereva wa lori anayelalamika kichwa na mafua, mkononi ana boksi alilolinunua Kasumbalesa, limeandikwa Kifaransa ubavu mzima. Akataka aongezewe Panadol. Kijana akaligeuza boksi, akapitisha kidole kwenye maandishi madogo, akasimama kwenye neno moja. "Kaka, humu ndani mna paracetamol tayari. Ukijumlisha na hii, ini lako litakuja kukudai." Akamrudishia hela ya Panadol. Akachukua bahasha ya kaki, akaandika 1x3 kwa kalamu nene, kisha akamweleza kwa Kiswahili, halafu kwa Kibemba cha kubabaisha, maana dereva alikuwa wa upande wa pili. Nilijivunia mtoto wa dada yangu kwa kama dakika moja hivi.

Kisha nikainua macho. Juu ya kichwa chake, kwenye fremu, kimetundikwa cheti cha mfamasia msimamizi wa duka lile, ambaye kijana anasema hajawahi kumwona kwa macho. Cheti kimekodishwa. Mwenye cheti yuko mji mwingine, anapokea chake kila mwezi. Ukutani kuna karatasi isiyo na mtu, na kwenye kaunta kuna mtu asiye na karatasi. Kisheria yule kijana hapaswi kugusa hata bahasha ya kaki, na simtetei. Nasema tu kwamba ekari tatu za kahawa zimenunua nafasi ya kusimama chini ya jina la mtu mwingine.

Wazazi wenzangu, tuliowahi kuvusha mahindi kwenda Nakonde na kuvusha bidhaa kurudi, tuna ugonjwa mmoja wa akili. Tunadhani kila kitu huvuka mpaka kama mahindi. Gunia la mahindi likipita geti hubaki mahindi. Mfamasia akipita geti anageuka mwanafunzi tena. Dawa ni mali ya sheria ya nchi: nani aiingize, nani aiandike, nani aitoe, na ugonjwa upi uanze na dawa ipi. Tanzania iliacha klorokwini ikahamia SP mwaka 2001, na ilipofika 2007 ilikuwa imeingia kwenye dawa ya mseto. Huwezi kuyakuta hayo kwenye kitabu cha nchi ambayo haina mbu wetu. Aliyesomea huko anaweza kuwa na akili kuliko wote, lakini ni lazima nchi yake imkague upya, na ina haki.

Wengine wanajidanganya kwamba shahada ya nje ni tiketi ya nje zaidi. Ikishindikana hapa, mtoto atakwenda Marekani. Haya, Marekani kwa wafamasia waliosoma nje na kuhitimu tangu mwaka 2003 wanataka masomo ya famasi ya miaka mitano. Shahada ya miaka minne, ambayo ndiyo wengi wetu tunainunua, haikufikishi hata kwenye foleni ya mtihani wao. Uingereza nako wana masomo yao ya ziada na mwaka wao wa mazoezi. Kila nchi ina bambo lake. Ni sisi tu tuliolisahau dukani.

Na lipo hili la cheo. India walianzisha mwaka 2008 shahada ya miaka sita inayoitwa PharmD, yaani Daktari wa Famasi. Ni masomo ya heshima. Lakini nenda kamsikilize wakala anavyolitamka lile neno "Daktari" mbele ya bibi wa Iyula. Bibi anaondoka akiamini mjukuu wake atapasua watu.

Sisemi mawakala wote ni wezi. Dalali si mwizi. Dalali ni mtu anayemtumikia anayemlipa, na hapa anayelipa si wewe. Wewe unadhani unalipa ile ada ndogo ya fomu, kumbe vyuo vingi huko nje humlipa wakala kwa kichwa, kwa kila mwanafunzi anayemfikisha. Mimi sikasiriki dalali wa mchele akisifia mchele. Nitakasirika nikisikia mnunuzi amemuuliza yeye peke yake kama mchele ni mzuri. Mtoto wako akifika chuoni, kazi ya wakala imekwisha. Kwako ndiyo inaanza.

Tena tuseme ukweli wa sebuleni. Wengi hatupeleki mtoto kusoma famasi, tunampeleka "nje". Nje ndiyo fani yenyewe. Kanisani Jumapili hakuna anayesimama kusema mwanangu amepata nafasi Bugando, ingawa Bugando, Muhimbili na Mtakatifu Yohana kule Dodoma vyote vinatoa mfamasia ambaye Baraza linamjua. Tunataka picha ya koti zito na theluji. Na sisi, kati ya Watanzania wote, tunapaswa kuwa wa mwisho kuzuzuliwa na neno hilo, maana hapa Tunduma nje ni hatua mia mbili. Unakwenda nje kununua soda na kurudi kabla wali haujaiva.

Najua mnachotaka kunijibu. Nafasi za hapa ni chache, mzee. Kweli. Na kwamba wafamasia wa kwanza wa nchi hii walisoma nje. Kweli tena: masomo ya shahada ya famasi Muhimbili yalianza mwaka 1974, na waliotangulia walitoka ng'ambo. Lakini angalia walivyokwenda. Serikali iliwatuma kwa barua yake na kwa ufadhili, ikijua anakwenda nani, chuo gani, na akirudi atakaa wapi. Taifa zima lilikuwa limepiga bambo kwa niaba yao. Leo mtoto wa muuza nyanya wa Majengo anasimama peke yake mbele ya chuo cha ng'ambo, na mtu pekee aliye naye ni yule anayelipwa na chuo.

Ufadhili wa kiserikali bado upo. China inatoa, Hungary inatoa, Algeria inatoa, kupitia Wizara ya Elimu, na chuo kikiwa kwenye mpango wa serikali na serikali, maswali mengi yanakuwa yameulizwa kabla yako. Niambieni ni lini tangazo la aina hiyo limebandikwa kwenye ubao wa kata Chitete. Bango la wakala lilifika, tena kwa gari lenye spika.

Kuna mtu ataniambia pia kuhusu bahati mbaya: vita na maradhi. Februari 2022 Urusi ilivamia Ukraine, na watoto wetu waliokuwa Kharkiv na Sumy wakatafuta mpaka kwa miguu. Aprili 2023 risasi zikalia Khartoum, wanafunzi wa Kitanzania wakarudishwa na serikali. Kabla ya hapo China ilifunga mipaka mwaka 2020, na kuna waliosoma maabara kwa simu zaidi ya miaka miwili. Hayo hakuna bambo lingeyaona, nakubali. Ila moja lilinichekesha na kuniuma kwa pamoja: baada ya vita ya Sudan kuanza, chuo kimoja cha udaktari cha Khartoum kilileta wanafunzi wake wamalizie mafunzo Muhimbili. Watu walikimbilia pale pale ambapo sisi tuliona aibu kupataja kanisani.

Sasa naelekea kwa wakubwa, maana mzazi nimeshamsema vya kutosha.

Mwaka 2019 marais wawili walisimama hapa mpakani wakafungua kituo cha huduma kwa pamoja. Hoja yake ni rahisi na nzuri: maofisa wa Tanzania na Zambia wakae chini ya paa moja, lori likaguliwe mara moja, lisisote. Kwa lori mmejua kwamba ukaguzi wa kuchelewa ni hasara. Kwa mtoto, ukaguzi halisi unafanyika miaka minne baadaye, fedha zikiwa zimekwisha na shamba lina mwenyewe mwingine. Hati ya NOC ipo kwenye karatasi, lakini nani anamzuia asiyekuwa nayo kupanda ndege? Nani anamuuliza wakala aliyemsafirisha? Maonesho ya vyuo vikuu TCU huyafanya viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Karibuni Vwawa. Karibuni Tunduma. Hoteli anayoitumia wakala hata ninyi mnaweza kuikodi, na soda tutanunua sisi.

Na ninadai kitu kimoja kilicho wazi. Baraza la Famasi na TCU wachapishe kila mwaka, kwa Kiswahili, orodha ya vyuo vya nje kwa majina: wahitimu wangapi wa chuo fulani waliomba kutambuliwa, wangapi walikubaliwa, wangapi walifanya mitihani ya Baraza, wangapi walifaulu. Basi. Msinipe semina, msinipe kauli mbiu. Nipeni orodha, niibandike dukani karibu na mizani.

Mkisema haiwezekani, nitawaonyesha India, kule kule tunakopeleka watoto. Wahindi nao wana watoto wanaokwenda kusoma udaktari China, Urusi na kwingineko. Wakirudi wanafanya mtihani wa taifa ulioanza mwaka 2002, na wengi hufeli. Bodi yao ya mitihani imekuwa ikichapisha matokeo hayo kwa nchi na kwa chuo, kila mtu aone. Mzazi wa Kihindi anaweza kukaa kwake akasoma kwamba chuo hiki walikwenda wengi wakafaulu wachache, akafunga mkoba wake. Hilo ndilo bambo. Wao hawakuogopa kumkasirisha mwenye gunia.

Mtaniuliza kwa nini muuza mchele amelivalia njuga jambo la dawa. Pita nami barabarani jioni foleni ya malori inapofika Chapwa. Dawa zinaingia mji huu kwa kila lugha na kila mfuko: Kiingereza cha Zambia, Kifaransa cha Kongo, maandishi ya Kihindi, nyingine zimo ndani ya soksi. Mtu anaomba "rangi mbili tano", vidonge vitano vya antibayotiki, anavunja dozi kama anavunja andazi, na kesho kutwa ugonjwa unarudi ukiwa umejifunza. Duka la dawa muhimu, ule mpango ulioanza kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003, limesaidia sana vijijini, lakini mtoa dawa wake amefundishwa wiki chache na hakuandaliwa kukabiliana na mpaka wenye nchi tatu au nne ndani ya boksi moja. Mahali kama hapa ndipo panapomtaka mfamasia mwenyewe, mwenye jina kwenye rejista, aliyesimama kwenye kaunta kwa miguu yake. Mkoa wetu wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016, una kiu ya watu hao. Na tuna mmoja, amesoma, anajua kusoma boksi la Kifaransa, na hawezi kuandika jina lake ukutani kwa sababu siku ya kununua hakuna aliyechoma gunia.

Mimi nikiwemo. Nilimla yule mbuzi. Na siku ya ukumbini nilikaa nyuma, nikapokea soda.

Juzi dada amenipigia simu. Binti yake wa pili amemaliza kidato cha sita, PCB pia, na wakala mpya ameshapata namba ya shemeji. Anataka wakutane hotelini Jumamosi. Nimemwambia dada wasiende hotelini. Wamlete huyo bwana dukani kwangu, pale penye mizani, aje na jina la chuo, barua yake ya TCU na majina ya wahitimu watatu ambao Baraza limewaandikisha, tuwapigie simu akiwa amekaa. Nimeshamtafutia kigoda.